Saa za mfukoni na za vito kwa wanawake: mbona dukani tunapewa almasi nje na betri ndani?

BintiJinja:

Asalaam aleikum na habari za jioni, wadau wa Jinja, Kampala, Mbale, Arua na kwingineko.

Jambo hili limenikaa moyoni tangu Jumamosi. Nilimsindikiza rafiki yangu Kampala kununua saa. Ametimiza miaka ishirini kazini, ameweka akiba kidogokidogo, akataka ajinunulie kitu kimoja cha thamani cha kubaki nacho. Tukaingia kwenye duka la saa za bei kubwa. Muuzaji akatutolea sinia ya saa za kike: nyembamba, zinameremeta, almasi ndogondogo zimezunguka uso mzima. Rafiki yangu akauliza, "Ndani kuna mtambo gani?" Kijana akashangaa. "Ni ya betri, nnyabo (yaani mama), haitakusumbua."

Hatua mbili pembeni palikuwa na sinia ya wanaume. Zile zina kioo hata mgongoni, unayaona magurudumu yakizunguka. Muuzaji mwenzake alikuwa anamweleza mteja, bila haraka yoyote, jinsi kamani inavyojikunjua na kusukuma mtambo mzima. Sisi tulipoomba tuoneshwe ya kike ya namna hiyo, tukaambiwa wanawake hawaziulizii.

Tulikuwa wawili pale, tunaulizia.

Nawaambia haya kwa sababu mimi nimelelewa na saa ya kike. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na saa ya mfukoni, upana wake haufiki sentimita tatu na nusu. Mfuniko wa juu una enameli, yaani rangi ya kioo iliyochomwa juu ya madini, ya buluu iliyoiva, kama ziwa saa tisa alasiri mawingu yakiwa mbali, na katikati yake ua la almasi saba ndogo. Ukibonyeza kifundo cha juu mfuniko unaruka wenyewe, na ndani uso ni mweupe kama ganda la yai, namba za Kirumi, akrabu mbili nyembamba mfano wa sindano. Haina akrabu ya sekunde. Babu aliinunua kwa sonara wa Kihindi pale Jinja enzi akifanya kazi kwenye ujenzi wa bwawa la Owen Falls, na hata wakati huo ilikuwa kuukuu, imeshavaliwa na mtu tusiyemjua.

Bibi akivaa gomesi, lile gauni refu la heshima la Uganda lenye mshipi, aliupitisha mkufu kwenye kifungo cha juu, upande wa kushoto, saa yenyewe akaisukumia ndani ya mshipi wa kiunoni. Hukuiona mpaka aitoe mwenyewe. Na akiitoa, mazungumzo yote yalisimama: anaifungua, anaisogeza mbali kidogo na macho, anasoma, anaifunga. Sisi watoto tulingoja mlio ule wa kufunga.

Nilichokuja kukielewa ukubwani ni kwamba aliipanga kwa majira yetu. Ikifika saa moja asubuhi, akrabu fupi ilikuwa kwenye I, si kwenye VII. Mzungu wa misheni au karani wa serikali angeitazama akasema imekosea. Kwa bibi haikukosea. Siku inaanza jua likichomoza, kwa hiyo saa yake ilihesabu kutoka hapo.

Sasa turudi kwenye lile duka, maana historia yenyewe inamkanusha yule kijana. Saa ya mkono tunayoambiwa ni ya kiume ilianza mikononi mwa wanawake. Karne ya 16, Malkia Elizabeth wa Kwanza wa Uingereza alipewa na Robert Dudley saa iliyofungwa kwenye bangili. Mwaka 1810 Caroline Murat, malkia wa Naples na dada yake Napoleon, alimwagiza fundi Abraham-Louis Breguet wa Paris amtengenezee saa ya kuvaa mkononi. Ilikamilika 1812: umbo la yai, inagonga saa ukiitaka igonge, ina kipimajoto, na mkanda wake ulisukwa kwa nywele na nyuzi za dhahabu. Mwaka 1868 Patek Philippe, watengeneza saa wa Geneva, wakatengeneza ya bangili kwa mwanamke mwingine, Countess Koscowicz wa Hungaria. Wanaume wakati huo waliona saa ya mkononi ni pambo la kike, wao wakabaki na za mfukoni. Ni Vita Kuu ya Kwanza iliyowabadilisha, pale askari alipohitaji kutazama saa huku mikono yote ina kazi.

Nayo saa ya mfukoni ya mwanamke ilikuwa na njia yake. Nguo za kike hazikuwa na kizibao chenye mfuko, basi saa ikaning'inizwa: kwenye mkufu shingoni, kwenye bruchi kifuani, au kiunoni pamoja na funguo za nyumba. Kwa kuwa mgongo wake ulionekana na watu, mafundi wa Geneva wakamimina humo ustadi wao wote, enameli, lulu, almasi. Kwenye maonyesho makubwa ya London mwaka 1851 Malkia Victoria alinunua ya Patek Philippe ya namna hiyo, ya buluu, yenye maua ya almasi. Na tafadhali zingatieni: ile haikuwa pambo tupu. Ilikuwa na mtambo mpya kabisa wa wakati huo, unaotiwa ufunguo kwa kuzungusha kifundo cha juu, bila kutafuta kifunguo pembeni. Uzuri wa nje na akili ya ndani vilikuja pamoja, kwa mwanamke.

Ndiyo maana najiuliza tulitenganishiwa lini. Nani humu ana saa ya namna hii, au alimwona mama au bibi nayo?

FundiWaSaa:

Dada, umeandika jambo ninaloliona mezani kwangu kila wiki. Nakaa na boksi langu la kioo mjini Kampala, kazi nilirithi kwa mjomba.

Watu wakisikia saa ya vito wanafikiria vya nje tu. Ngoja niwaonyeshe vya ndani. Kila gurudumu la saa lina mhimili, na ncha ya mhimili inazunguka ndani ya tundu. Tundu likiwa la shaba, chuma kinalila taratibu mpaka linakuwa pana na saa inayumba. Mwaka 1704 pale London, Nicolas Fatio de Duillier na ndugu wawili wa ukoo wa Debaufre walipata hatimiliki ya njia ya kutoboa yakuti, ncha ikazunguka ndani ya jiwe. Jiwe haliliki, na mafuta tone moja yanakaa humo muda mrefu. Kwenye gurudumu la mizani ncha hiyo ni nyembamba, kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Saa nyingi za zamani zinapiga mara 18,000 kwa saa moja. Zidisha kwa siku nzima upate 432,000. Hakuna shaba ya kustahimili hayo miaka mia.

Tangu Auguste Verneuil wa Ufaransa alipotangaza njia ya kutengeneza yakuti kwa moto mwaka 1902, mawe ya ndani ni ya kiwandani, bei yake ndogo. Kwa hiyo mtu asikuuzie saa kwa kukuhesabia yakuti za ndani kana kwamba ni hazina ya kung'oa. Thamani yake ni kazi inayofanya. Saa ya mkono ya kutiwa ufunguo ikiwa na 17, imekamilika.

Ya bibi yako, kwa ulivyoieleza, naamini ni ya Uswisi ya kati ya 1880 na 1914 hivi. Fungua mfuniko wa nyuma, ndani utakuta mfuniko wa pili. Soma maandishi yake.

BintiJinja:

Nimeifungua sasa hivi, naandika nikiwa nayo mezani. Yamechongwa kwa herufi za mkunjo: REMONTOIR CYLINDRE 10 RUBIS. Chini yake kuna 0,585 na mnyama mdogo sana. Siku zote tulimwita "panya wa bibi".

FundiWaSaa:

Huyo ni kindi, dada. Ni muhuri wa serikali ya Uswisi kwa dhahabu ya karati 14, ulitumika kuanzia 1880 mpaka miaka ya 1930. Kwa karati 18 waligonga kichwa cha mwanamke, Helvetia. Fedha ilipigwa dubu au ndege kulingana na ubora. Bibi yako alikuwa na dhahabu halali.

Remontoir maana yake inatiwa ufunguo kwa kifundo cha juu. Rubis ndizo yakuti, unazo kumi. Cylindre ni aina ya mtambo uliopendwa kwa saa ndogo za kike kwa sababu unakaa kwenye nafasi nyembamba. Nikwambie ukweli, hauendi sawasawa kama ule wa nanga uliokuja kuchukua nafasi yake. Utapoteza dakika kadhaa kwa siku. Inatembea?

BintiJinja:

Haitembei, na hapo ndipo penye uchungu wangu. Bibi alipofariki nilimpelekea fundi mmoja, simtaji wala sitaji mtaa. Alinirudishia baada ya siku mbili. Nikainusa, inanuka petroli. Ilitembea miezi mitatu, ikasimama. Nilipoitazama kwenye mwanga wa dirisha nikahesabu ua: ilikwenda na almasi saba, ilirudi na sita. Na akrabu alikuwa amezisogeza zifuate redio. Nilipomuuliza akasema saa "ilikuwa imepotea", yeye ameirekebisha. Nililia kwa hilo la akrabu kuliko la almasi.

KijanaBusia:

Dada pole sana kwa hilo. Lakini niseme ninachoona. Simu yangu inanionyesha majira, bila fundi wala petroli. Kwa bei ya saa moja ya dhahabu na almasi mtu anapata kiwanja, anajenga vyumba viwili vya kupangisha. Kwa mama zetu wanaohangaika sokoni, hii anasa ina maana gani?

BintiJinja:

Mdogo wangu, umeuliza vizuri, na kwa kuwa uko Busia nitakujibu kwa habari ya Busia.

Vita vya 1979 vilipokaribia Jinja, bibi alifunga nyumba akaondoka na watoto wanne kuelekea mpakani. Shamba la bibi halikubebeka. Nyumba haikubebeka. Saa aliishonea ndani ya pindo la gomesi. Walipovuka upande wa Kenya hawakuwa na kitu, akaukata ule mkufu wa dhahabu, akauuza kwa sonara, wakala kwa wiki kadhaa. Saa hakuiuza. Alisema mkufu ni wa kununulia unga, saa ni ya kurudia nyumbani. Mkufu iliyonao sasa ni wa fedha, aliununua baadaye.

Simkatalii mtu kiwanja. Ila kiwanja katika familia nyingi kina jina la mume au la mtoto wa kiume, na mwanamke analijua hilo. Kitu kidogo cha dhahabu kilichoko kiunoni mwake hakuna kikao cha ukoo kinachokijadili. Mama wa sokoni anaielewa hesabu hii kuliko sisi, ndiyo maana hereni zake ni za dhahabu hata kama duka lake ni meza.

KijanaBusia:

Nimekuelewa dada. Nitamuuliza mama yangu kuhusu 1979, hajawahi kutusimulia.

NesiMbale:

Mimi ni muuguzi, na nadhani ni sisi tu tuliobaki tunaovaa saa ya kike ya kuning'iniza kila siku bila kujua tunaendeleza kitu cha zamani.

Saa yetu inabanwa kifuani, uso umegeuzwa juu chini. Anayenitazama anaona sita iko juu, lakini mimi nikiinamisha shingo naisoma sawasawa. Hatuvai ya mkononi wodini kwa sababu mkono unatakiwa kuoshwa mpaka kwenye kiwiko, na mkanda unabeba vijidudu kutoka kitanda hadi kitanda. Vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, macho kwenye akrabu ya sekunde, nahesabu nusu dakika nazidisha mara mbili. Mapigo yakiruka, nahesabu dakika nzima. Kwa hiyo ile ya bibi isiyo na akrabu ya sekunde isingenifaa kazini, ingawa naionea wivu.

Yangu ni ya mpira, rangi ya zambarau, ya tano tangu nianze kazi. Zinakufa na hakuna anayezisikitikia. Lakini muuguzi mkuu aliyetufundisha alikuwa nayo ya fedha, yenye kipini cha bruchi, jina lake limechongwa nyuma. Usiku wa zamu ukiwa kimya kabisa uliisikia ikipiga kabla hujamwona yeye. Nikistaafu sitaki keki wala blanketi. Nataka ya kubandika, ya dhahabu, yenye sekunde, inayotiwa ufunguo. Nimeshawaambia wanangu, wana miaka sita ya kuchanga.

Hajati_Bombo:

Wanangu, asalaam aleikum. Mimi ni mtu mzima, naandikiwa na mjukuu.

Nataka kuongeza kwa upande wa dini yetu. Dhahabu mwanamke amehalalishiwa kuivaa, mwanamume wa Kiislamu hapana. Kwa hiyo kwangu mimi saa ya dhahabu ni ya mwanamke tangu mwanzo, na nikiona duka limeweka dhahabu yote upande wa wanaume nashangaa. Mume wangu Allah amrehemu alivaa ya chuma, mimi ya dhahabu, na hakuona aibu.

Jambo la pili, binti, saa hiyo andika ni ya nani. Dhahabu ni mali, inaingia kwenye mirathi, na kuhusu zaka ya mapambo muulize sheikh wako maana madhehebu yanatofautiana. Dada zangu wawili hawakuzungumza kwa miaka kwa ajili ya bangili moja. Kama bibi alikupa kwa mkono wake akiwa hai mbele ya watu, ni yako. Kama uliichukua kwenye sanduku baada ya msiba, kaeni chini mwongee na nduguzo.

BintiJinja:

Hajati, shikamoo. Alinipa kwa mkono wake, mbele ya mama na mama wadogo wawili. Nitaandika hata hivyo, nashukuru kwa kunikumbusha.

MwanaArua:

Nimesoma uzi wote nimepata hamu. Mchumba wangu tunafanya kwanjula mwakani, ile sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa binti, yeye ni Mganda wa Masaka, na ningependa kumpa saa ya mfukoni badala ya ya mkononi. Nimeona mtandaoni "gold pocket watch for ladies", picha nzuri, bei chini sana. Naogopa kuliwa hela. Fundi nisaidie.

FundiWaSaa:

Usitume hela bado. Mwombe muuzaji picha tatu: mfuniko wa ndani ukiwa wazi, mihuri kwa karibu, na mtambo wenyewe. Akisema mfuniko haufunguki, achana naye. Ukiona 750 ni karati 18, 585 ni 14, 375 ni 9. Saa za Kimarekani mara nyingi utakuta imeandikwa imedhaminiwa miaka 10, 20 au 25. Wengi wanadhani dhamana ni ya mtambo. Sivyo, ni ya tabaka la dhahabu lililobanwa juu ya shaba, yaani litachukua miaka hiyo kuchakaa. Si wizi, ni saa nzuri tu, ila usiilipie bei ya dhahabu tupu. Elgin na Waltham, kampuni za huko Marekani, walitengeneza nyingi za kike, ndogo, za kuning'iniza, na namba iliyo kwenye mtambo inakusaidia kujua mwaka. Moja ya hizo ikiwa nzima yaweza kuwa bei ya simu nzuri.

Tazama bawaba ya mfuniko na kipete cha juu kinachoshika mkufu, ndipo panapochakaa kwanza. Ukiona shaba nyekundu inachungulia hapo, umeshajua. Enameli itazame kwa kuiinamisha kwenye mwanga. Ufa kama unywele unaonekana hivyo tu, na enameli iliyopasuka hakuna wa kuirudisha hapa kwetu.

Na mfundishe mchumba kuitia ufunguo kila siku wakati uleule, polepole, asimame anapohisi imekaza.

BintiJinja:

Wapendwa, nimefurahi kuliko nilivyotarajia. Kwa aliyeniuliza pembeni kama kuna saa ya kike ya leo yenye akili ndani: ipo. Jaeger-LeCoultre, watengeneza saa wa Uswisi, walitoa mwaka 1929 mtambo wa kutiwa ufunguo uitwao 101, una uzito wa gramu moja hivi na upana haufiki milimita tano, mahsusi ufichike ndani ya bangili ya vito. Malkia Elizabeth wa Pili alivaa saa yenye mtambo huo siku ya kutawazwa kwake 1953. Mwaka uliofuata alikuja Jinja kufungua bwawa lilelile alilojenga babu, na mnara wa saa ule wa Kampala ulijengwa kwa ajili ya ziara hiyo. Babu alisimama juani siku nzima kumwona. Najua sasa kwamba wakati ule saa ya bibi ilikuwa tayari kwenye mshipi wake, naye alisimama pembeni ya babu.

Rafiki yangu ameamua hanunui ile ya betri. Anatafuta ya kutiwa ufunguo, hata kama almasi itakuwa moja tu, au isiwepo.

Jana baada ya isha niliitoa ya bibi. Kando ya kifundo kuna kipini kidogo. Unakibonyeza kwa ukucha huku unazungusha kifundo, ndipo akrabu zinakubali kusogea. Nikazirudisha nyuma masaa sita, mpaka akrabu fupi ikakaa kwenye II na ndefu kwenye XII. Nikaufunga mfuniko. Binti yangu alikuwa amelala, akageuka kwa ule mlio.

Fundi, naweza kukuletea?

FundiWaSaa:

Ilete Jumanne asubuhi, saa tatu ya Kiswahili. Usiitie ufunguo hata kidogo, imekauka, utaila ile mihimili. Na uje na kipimo cha lile tundu, nitakutafutia almasi ya saba. Akrabu sitazigusa.